Haki ya Kujimiminia Sake

Kwa Mhariri,
Sauti ya Tsurunuma,
Jarida la Mtaa wa Maduka wa Tsurunuma,
Kwa mkono, dukani kwa kinyozi Nozue.

Ndugu Mhariri, na kupitia kwako, ndugu wanamapambano wote wa kaunta ya Mama Togashi, ambao tangu theluji ya kwanza tumesimama bega kwa bega, vikombe mikononi na kiu kooni,

Pokeeni salamu za mshikamano.

Ninaandika nikielewa kwamba jarida lako lina kurasa nne, na kwamba mbili kati ya hizo zimekwisha kutwaliwa na zamu za kuzoa theluji pamoja na tangazo la figili za bei ya chini. Ninaelewa vilevile kwamba wewe ulikuwa kinyozi kabla ya kuwa mhariri, na kwamba hakuna mwanamume wa mtaa huu anayenyolewa kwako bila kusomewa jarida zima, herufi kwa herufi, huku amefungwa shuka shingoni na hana pa kukimbilia. Ni kwa sababu hiyo nimelipendelea jarida lako kuliko magazeti makubwa ya mkoa. Yupo msomaji mmoja ambaye simu hapokei na mlango hafungui, lakini nywele zinamwota kama zinavyowaota binadamu wengine. Barua hii ni yake kama ilivyo ya umma.

Mimi ni Isurugi Kanae, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika nadharia za siasa, na mwenyekiti wa Chama cha Wanafunzi Waonjaji wa Sake, ile pombe yetu ya mchele. Kikao chetu hufanyika kila Jumamosi jioni katika duka la pombe la Mama Togashi, kwenye ile kona iliyo kati ya friji na kreti za chupa tupu. Ninaleta mbele ya umma malalamiko dhidi ya desturi moja ambayo imetutawala kwa muda mrefu kuliko ukoo wowote wa makabaila, na ambayo haijawahi kupigiwa kura: desturi isemayo kwamba mtu hajimiminii sake mwenyewe. Humngoja mwenzake ammiminie. Asipomiminiwa, hukaa. Malalamiko yenyewe ni haya.

LALAMIKO LA KWANZA: Unyonyaji wa aliye mdogo. Katika kaunta ile mimi ndiye mwenye umri mdogo kuliko wote. Katibu wetu, Daigo, amenizidi kwa msimu mmoja tu wa baridi, na hulitaja jambo hilo kama mtu anayetaja shahada ya uzamivu. Kwa hiyo kazi ya kuangalia vikombe vya watu ni yangu. Nishike chupa kwa mikono miwili, lebo ielekee juu, nisingoje kikombe kikauke, wala nisikijaze kikamwagikia kidole cha mtu. Nikigeuka kidogo kuangalia theluji dirishani, Mama Togashi hunikumbusha kutoka kwenye mashine ya hesabu.

“Kanae, kikombe cha Fundi Mkuu kimeanza kuona taa.” Maana yake, kikombe cha mzee nitakayemtaja hapa chini kinakaribia kukauka.

Ndugu Mhariri, majira ya kuchipua chama chetu kinaingia kwenye mashindano ya wanafunzi ya kuonja. Unazijua sheria zake: vikombe vyeupe vyenye miduara miwili ya buluu ndani, safu mbili, hakuna jina wala lebo, nawe useme ni kikombe kipi cha safu hii kilichotoka chupa moja na kipi cha safu ile. Mama Togashi ametuambia waziwazi kwamba tusipofika fainali kona yetu itapewa wazee wa gofu, ambao angalau hununua karanga. Sasa mtu atalinganishaje sake ambazo ameziona zikishuka katika makoo ya wengine? Mimi nimeonja mavuno mazima ya mkoa huu kwa macho.

LALAMIKO LA PILI: Madeni yasiyo na mwisho. Aliyemiminiwa sharti amiminie. Aliyemmiminia mwenzake atamiminiwa tena, naye atarudisha. Anayetaka kuacha anashauriwa kukiacha kikombe chake kikiwa kimejaa, lakini kikombe kilichojaa huchukuliwa na majirani kuwa ni kikombe cha mtu mwenye haya, nao hukiongezea tone la kumtia moyo. Katika mfumo kama huu hakuna anayejua amekunywa kiasi gani, kwa kuwa hakuna aliyekunywa kwa hiari yake. Sote tumenyweshwa. Nimesoma tawala nyingi katika masomo yangu, na sijakutana na iliyofanikiwa kuwafanya raia wote kuwa wadhulumiwa na madhalimu kwa wakati mmoja, tena huku wakicheka.

LALAMIKO LA TATU linamhusu mtu, nami nitamtaja kwa jina, kwa kuwa mapinduzi yanayoogopa majina huishia kuwa semina. Ni Mzee Aizawa Genzo.

Kila mtu mtaani anamjua. Alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha sake kilicho juu ya mto, pale penye tufe la majani ya mwerezi mlangoni, linalotundikwa bichi kila sake mpya inapotoka, hadi magoti yake yalipokataa ngazi za mapipa. Tangu hapo husimama mwisho wa kaunta, karibu na jiko la mafuta, akiwa na sahani ya ngisi wa chumvi ambao hakuna mwingine anayethubutu kuwagusa. Kwa kuwa ni mkubwa kuliko wote, humiminiwa kwanza. Na kwa kuwa humiminiwa kwanza, husema kwanza. Hapo ndipo taaluma huanza kubomoka.

Chama chetu, kwa michango ya wanachama, kilinunua jedwali la ladha, lenye rangi na mishale: tikiti, ndizi, pea, uyoga, wali wa moto. Tuliliweka ukutani kwa heshima. Jumamosi moja Daigo alizamisha pua kikombeni, akafumba macho muda mrefu, kisha akatangaza:

“Napata tikiti. Tikiti bichi, upande wa ganda.”

Mzee Aizawa alimtazama bila ubaya wowote. “Tikiti lipo kwa muuza mboga, kijana, ukivuka barabara. Humu tulitia mchele.”

Nikamuuliza, kwa adabu yote ya kitaaluma, kama si tikiti basi yeye anapata nini. Akaonja. Akafunga mdomo, macho kwenye jiko.

“Huyu hakulala vizuri mwezi wa kwanza,” akasema. “Palikuwa na siku za joto. Vijana walimharakisha.”

“Na huyu wa pili?”

“Huyu ana aibu. Mwacheni mpaka vuli, atasema.”

Ndivyo alivyo. Sake yeye huitaja kama mtu, tena mtu wa ukoo wake. Nawauliza wenye akili: katika fomu ya majaji, yenye safu ya harufu, safu ya utamu na safu ya uchachu, “ana aibu” hupewa alama ngapi? Isitoshe, hatemi. Tulimsogezea ndoo ya kutemea, kama wafanyavyo waonjaji wote wanaojiheshimu, naye akaishukuru, akaiweka chini, akaegemeza mwavuli wake ndani yake.

LALAMIKO LA NNE: Ukaguzi. Mzee huyu hanywi baridi. Sake yake sharti ipashwe moto ndani ya chupa ya udongo iliyosimamishwa katika maji ya moto, nami, kwa sababu za kihistoria nilizokwisha kuzieleza, ndiye mpashaji. Zipo ngazi za joto, na kila ngazi ina jina lake: joto la jua la mchana, joto la ngozi ya mtu, uvuguvugu, na kuendelea hadi moto wa kuunguza ulimi. Yeye hutaka joto la ngozi ya mtu. Kipimajoto hakitazami. Huigusa chupa kwa kidole kimoja, chini kwenye kitako, kisha hutoa hukumu.

“Bado.”

Ninairudisha majini. Ninaitoa.

“Umemchoma.”

Majira yote ya baridi nimesikia “bado” na “umemchoma” tu, kana kwamba kati ya maneno hayo mawili hakuna nchi ambayo binadamu anaweza kuishi. Mara moja tu, theluji ilipokuwa imefika usawa wa dirisha, aligusa kitako cha chupa, hakusema neno, akanisogezea kikombe chake nimimine. Daigo alidai kwamba huo ulikuwa uchovu. Mimi sikubishana naye, ila niliiweka kumbukumbu hiyo mahali pazuri.

Kwa misingi hiyo minne, ndugu wanamapambano, mwanzoni mwa mwezi niliwasilisha mezani, au tuseme kauntani, Azimio la Jumamosi: kwamba kuanzia siku hiyo kila mnywaji atajimiminia mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kipimo chake na kwa wakati wake. Nilitoa mfano wa ile mashine ya kuonjea iliyopo stesheni. Unatumbukiza sarafu, unaweka kikombe chini ya bomba, kinajaa, basi. Mashine haikuulizi umri. Haikutazami. Haitaki uirudishie. Nilisema, na bado ninaipenda sentensi hii, kwamba mashine ile ndiyo raia pekee aliye huru katika mji wetu mzima. Azimio lilipita bila kupingwa. Daigo alikuwa akitafuna, na Mama Togashi alisema yeye hapigi kura, yeye anauza.

Sasa nafika kwenye LALAMIKO LA TANO, ambalo ndilo zito, na ambalo kwa ajili yake nimekaa kuandika: hujuma.

Jioni ya Azimio ilianza vizuri. Kila mtu alikuwa na chupa yake ya udongo mbele yake. Nilijimiminia. Daigo alijimiminia. Muuza samaki alijimiminia, akajipongeza, akajimiminia tena. Baada ya muda pakawa na utulivu wa maktaba. Aliyemaliza kikombe alijaza kikombe. Aliyekuwa hana la kusema hakulazimika kusema. Watu walianza kusoma simu zao. Hakuna aliyemwangalia mwenzake mkononi, kwa kuwa hapakuwa na haja. Kwa kila kipimo cha kinadharia, yalikuwa mafanikio.

Mzee Aizawa peke yake ndiye hakunywa. Chupa yake ilikuwa mbele yake, nimeipasha mwenyewe kabla ya kusoma Azimio. Kikombe chake kilikuwa mbele yake, kitupu. Mikono yake ilikuwa juu ya kaunta, pande mbili za kikombe, kama mikono ya mtu anayengoja kupigwa picha. Nilidhani hakulisikia Azimio, nikalirudia kwa sauti, kifungu cha kwanza hasa.

“Nimesikia, mjukuu,” akasema. “Umesema vizuri. Nangoja tu.”

“Unangoja nini, Mzee? Chupa si hiyo hapo?”

“Naiona.”

Daigo akamwambia kwa utani, “Fundi Mkuu, umetengeneza mapipa mangapi maishani mwako, leo chupa ndogo inakushinda?”

Mzee akaitazama mikono yake, upande wa juu, kisha wa chini, kwa udadisi, kana kwamba swali lilikuwa la haki na lilistahili kuchunguzwa.

“Kutengeneza inajua,” akasema. “Kumiminia watu inajua. Hilo jingine haikufundishwa. Kiwandani tulikuwa tunalala chumba kimoja majira yote ya baridi, alikuwapo mtu kila wakati. Nyumbani nako alikuwapo mtu.”

Sote tunajua kwamba nyumbani sasa hayupo mtu, tangu msimu wa mavuno uliopita. Nami, Ndugu Mhariri, nilikuwa mwenyekiti. Azimio lilikuwa bichi, wino wake haujakauka. Kiongozi anayevunja sheria yake mwenyewe katika saa yake ya kwanza anaiandalia historia kicheko. Nilishika chupa yangu mwenyewe kwa nguvu sana, ili mkono usiende kwenye ya kwake.

Alikaa hadi chupa ikapoa. Akaigusa kwenye kitako, kwa kidole kimoja. Hakusema “bado” wala “umemchoma”. Alivaa koti lake, akatoa mwavuli ndani ya ndoo, akamwambia Mama Togashi, “Asante kwa moto,” akatoka.

Tangu siku hiyo hajarudi. Naomba umma upime uzito wa kitendo hicho. Mtu mmoja, kwa kutofanya lolote, kwa kukaa tu na kikombe kitupu, amevuruga vuguvugu zima la ukombozi. Madhara yake ni haya, nami nayaeleza bila kuyapamba. Ngisi wa chumvi wamebaki kwenye mtungi, na Mama Togashi ananitazama mimi kila anapoufungua na kuufunga. Jiko la mafuta limezungukwa na nafasi ambayo hakuna anayesimama, ingawa ndiyo nafasi yenye joto. Daigo amesema “tikiti” mara kadhaa mfululizo na hakuna aliyempinga, naye mwenyewe amekiri kwamba tikiti lisilo na mpinzani halina ladha. Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio la safu mbili za vikombe. Tulikosea karibu zote. Tulipotafuta wa kumuuliza ni yupi kati ya wale aliyelala vibaya, tulijikuta tunatazama mwisho wa kaunta, sote kwa pamoja.

Nilipomlalamikia Mama Togashi juu ya hali hii, alinipa kitambaa.

“Umeshinda, mwenyekiti. Kaunta yote ni yako. Pangusa.”

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, chama chetu kinadai yafuatayo, wala hakitarudi nyuma.

Kwanza, Mzee Aizawa Genzo aitwe rasmi mbele ya kaunta, ajibu shtaka la kuhujumu Azimio la Jumamosi kwa njia ya kungoja.

Pili, kwa kuwa imethibitika kwamba mkono wake haukufundishwa kujimiminia, na kwa kuwa ujinga ni zao la mfumo, si la mtu binafsi, apewe mafunzo. Chama hakimlaumu. Chama kitamfundisha.

Tatu, mafunzo hayo yawe kwa vitendo. Mtu hajifunzi kumimina kwa kuelezwa. Sharti aone chupa ikiinuliwa, ikiinamishwa, ikinyanyuliwa tena. Mimi, kama mwenyekiti, najitolea kumwonyesha. Sasa, onyesho la kumimina linahitaji kikombe, maana hakuna anayemimina hewani. Na kikombe kikiwa changu, mwanafunzi atajifunza kunimiminia mimi, ambako ndiko kule kule kwa zamani. Kwa hiyo kimantiki kikombe cha onyesho lazima kiwe chake. Kikishajaa hakiwezi kumwagwa, kwa heshima ya waliotengeneza. Atakunywa. Somo moja halitoshi kwa mkono wa umri ule, hivyo onyesho litarudiwa.

Nne, ili somo liwe la kisayansi, sake ya onyesho iwe katika joto la ngozi ya mtu, na mwanafunzi apewe haki ya kukikagua kitako cha chupa kabla ya kila onyesho na kutoa maoni yake, hata yawe makali.

Tano, mafunzo hayo yafanyike kila Jumamosi, bila tarehe ya kumalizika, mpaka mkono wake utakapokuwa huru.

Nina imani kwamba umma wa Tsurunuma, uliozoea kuzoa theluji ya jirani kabla ya kuzoa yake, utaitambua haki inapopita mbele ya mlango wake. Naomba barua hii ichapwe katika ukurasa wa kwanza, juu ya figili.

Wasalimie nyumbani kwako. Msalimie muuza samaki, na umwambie kwamba kujipongeza hakumo katika Azimio. Msalimie Mama Togashi, ingawa nitamwona kabla yako, kwa kuwa kitambaa bado ninacho mimi. Wasalimie vijana wa kiwandani na tufe lao la mwerezi, ambalo bado ni la kijani. Wasalimie wazee wa gofu, na uwaarifu kwamba kona ile haijawa yao.

Wako katika mapambano,

Isurugi Kanae,
Mwenyekiti, Chama cha Wanafunzi Waonjaji wa Sake.

Tanbihi. Nilipomaliza kutia sahihi nilitaka kulifanyia mazoezi lile onyesho la kifungu cha tatu, nisije nikaaibika mbele ya mwanafunzi wangu. Nilipasha maji chumbani kwangu, nikasimamisha chupa ya sake mpya ya kiwandani, nikajimiminia kwa uhuru kamili, nikanywa. Sikupata tikiti. Nilipata kitu kingine kabisa, kizuri, ambacho sina jina lake, nikainua uso nimuulize mtu: huyu ni nani, na alilalaje? Chumba changu kina meza moja na kiti kimoja.

Kwa hiyo naomba, Bwana Nozue, msomaji yule akiketi kwenye kiti chako umfunge shuka vizuri, uanze na tanbihi hii, na barua nyingine umsomee kama nywele zitakuwa hazijaisha. Mwambie Azimio la Jumamosi limebatilishwa na mwenyekiti mwenyewe, bila kura, kama wafanyavyo madikteta wote. Chupa itakayokuwa karibu na jiko asiiguse mtu yeyote isipokuwa mdogo kuliko wote, kama ilivyo desturi, naye amekwisha kunawa mikono.

Kikao kijacho ni Jumamosi hii, saa kumi na mbili jioni, kwa Mama Togashi. Maji nitayatenga motoni kabla ya hapo kidogo, na kama hatakuwapo wa kuniambia “bado”, nitamchoma.